Mhusika Wako Amegoma: Kutafuta Chanzo cha Hitilafu Kabla ya Siku ya Kukabidhi Kazi

Bangili ilikuwa inaning'inia hewani. Binti mmoja wa mwaka wa pili aliniletea kompyuta yake nimtazamie mhusika wa gemu yake ya kozi: nahodha wa kike wa jahazi, kanga kiunoni, bangili pana ya fedha mkono wa kulia. Akisimama wima, hana tatizo. Akiinua mkono kuonyesha upepo unakotoka, mkono unakwenda, bangili inabaki pale pale usawa wa nyonga. Alikuwa amekesha siku tatu akipekua msimbo wake ndani ya Godot, injini ya kuundia gemu, kwa sababu ndani ya Godot ndiko alikoliona tatizo.

Chanzo kilikuwa Blender, programu aliyomjengea mhusika. Bangili aliitengeneza mwishoni, mwili ukiwa umeshafungwa kwenye mifupa, yaani kiunzi kinachoujongesha, akaiunganisha na mwili kwa Ctrl+J. Nukta zinazounda umbo la bangili hazikuwa zimepewa mfupa wowote wa kuufuata. Tukazichagua zote, tukazikabidhi kwa mfupa wa kigasha kwa uzito wa 1.0, yaani ziufuate kikamilifu, tukatoa faili upya. Dakika kumi, kazi imekwisha. Pambo gumu halikunjiki, kwa hiyo lipe mfupa mmoja tu na uzito wote.

Nimekaa na wanafunzi wengi wa usanifu wa gemu na uchoraji wa wahusika, na karibu kila mara kosa hujionyesha mbali na lilikozaliwa. Mhusika hupita hatua nyingi: mchoro, umbo, picha ya kuvikwa, mifupa, mijongeo, injini, na mwisho simu ya mchezaji. Kosa la hatua ya pili linaweza kukaa kimya hadi hatua ya sita. Ndiyo maana maelezo haya yanaanzia kwenye dalili, yaani kile unachokiona, halafu yanarudi nyuma.

Mtenge mgonjwa kwanza

Kabla hujagusa chochote, fungua mradi mpya mtupu kwenye injini yako. Mwingize mhusika peke yake, bila msimbo, bila mandhari, bila taa ulizozipanga. Akija na ugonjwa ule ule, faili lake ndilo lenye kasoro; rudi kwenye Blender. Akija mzima, liache faili lake kama lilivyo, kwa sababu tatizo liko ndani ya mradi: msimbo, taa au mipangilio.

Ikiwa kasoro iko kwenye faili, endelea kuligawa. Toa mwili bila nguo. Kisha nguo bila mwili. Kisha vyote viwili bila mijongeo. Kila jaribio linakupunguzia nusu ya mahali pa kutafuta. Andika kwenye daftari ulichojaribu na kilichotokea, na piga picha ya skrini kila hatua. Kazi nyingi za kozi hutolewa alama kwa mchakato pia, na daftari hilo la hitilafu ni ushahidi ambao huwezi kuutunga usiku wa mwisho.

Ameingia kwenye injini akiwa jitu, au sisimizi, au amelala chali

Hapa mambo ni mawili: vipimo na mhimili. Kwenye Blender, kizio 1 ni mita 1 na juu ni Z. Godot na injini nyingine iitwayo Unity nazo huhesabu kwa mita, lakini juu kwao ni Y. Injini ya Unreal inahesabu kwa sentimita, na juu ni Z. Faili la FBX, aina ya faili la kuhamishia maumbo, likipita kati ya programu hizi bila kuangaliwa, utakuta mhusika amekuzwa mara 100 au amezungushwa nyuzi 90.

Bonyeza N ndani ya Blender, tazama mstari wa Scale. Ukikuta namba kama 0.37 au 2.4 badala ya 1.0, ulimkuza au kumpunguza mhusika bila kuuthibitisha ukubwa huo. Bonyeza Ctrl+A, thibitisha mzunguko na ukubwa. Weka mchemraba wa mita 1 kando yake. Mtu mzima azidi kimo cha mchemraba mmoja na nusu. Ukitumia Godot, toa faili la GLB, aina nyingine ya kuhamishia, badala ya FBX, kwa sababu linabeba mhimili na vipimo kwa kanuni moja inayoeleweka pande zote mbili.

Fanya haya kabla ya kuanza kumjongesha. Ukithibitisha ukubwa wa mifupa ambayo tayari ina mijongeo, zile fremu za mahali hazibadiliki pamoja nayo, na nyonga itaanza kuruka ovyo. Nimeona kazi ya wiki nzima ikiharibika hivyo.

Mwili una matundu, au kanzu inaonekana upande mmoja tu

Kila bapa la umbo lina upande wa nje na wa ndani, na mshale usioonekana unaoitwa nomali ndio unaosema nje ni wapi. Blender kwa kawaida hukuonyesha pande zote mbili, kwa hiyo kosa halionekani. Injini ya gemu huacha kuchora upande wa ndani ili kuokoa nguvu, na hapo tundu hujitokeza.

Washa Face Orientation kwenye menyu ya Overlays. Buluu ni nje, nyekundu ni ndani. Ukiona mguu mzima mwekundu, ingia Edit Mode, chagua vyote, bonyeza Shift+N. Mara nyingi utakuta mguu huo ulitokana na kugeuza nakala kwa ukubwa wa -1, na ndiyo iliyopindua mishale.

Nguo nyembamba ni suala jingine. Ushungi, pindo la kanga na mkono mpana wa kanzu huonekana ndani na nje kweli. Hapo chagua: ama uipe nguo unene kidogo, ama uiambie injini ichore pande zote mbili za rangi hiyo. Kwa simu mimi napendelea njia ya pili, kwa sababu unene huongeza mabapa maradufu.

Madoa meusi mithili ya michubuko mara nyingi ni nukta zilizolaliana. Hutokea hivi: unabonyeza E ili kuvuta bapa, unaghairi kwa Esc, unadhani umeghairi kila kitu. Blender imeghairi kule kusogea tu. Bapa jipya limekwishazaliwa, limelala juu ya lile la zamani. Chagua vyote, bonyeza M, chagua By Distance, na usome chini ya skrini nukta ngapi zimeondolewa. Ukighairi uvutaji siku nyingine, fuatisha Ctrl+Z.

Jina la kanga limegeuka

Nalipenda tatizo hili kwa sababu ni letu. Mwanafunzi amechora kanga vizuri: pindo linazunguka pande zote nne, mji katikati, jina limekaa mahali pake chini ya mji. Anamvisha mhusika. Upande wa kushoto jina linasomeka. Upande wa kulia herufi zimegeuka kama zinazosomwa kwenye kioo.

Chanzo ni ule ulinganifu uliomrahisishia kazi mwanzo. Alijenga nusu ya mwili, akaiachia Blender iakisi nusu ya pili. Nusu zote mbili zinachota rangi kutoka sehemu ile ile ya picha, moja ikiwa imepinduliwa. Kwa ngozi hakuna atakayegundua. Kwa maandishi, kila anayejua kusoma atagundua, na kanga bila jina linalosomeka ni kitambaa chenye maua tu.

Tiba: acha ulinganifu kwenye mwili, lakini nguo yenye maandishi ithibitishe uakisi kabla ya kuikunjua UV, yaani kulitandaza umbo lake bapa ili picha ilale juu yake. Ikunjue yote kwa pamoja iwe mstatili mmoja mrefu, maana kanga yenyewe ni mstatili. Mshono uweke pale inapopishana kiunoni, ambako jicho linategemea kuona ukingo. Ukifanya hivyo, pindo nalo litanyooka. Lile pindo linalopinda kama nyoka hutokana na UV zilizokunjuliwa kwa kufuata duara la nyonga.

Halafu piga hesabu ya pikseli. Chukua kanga yenye upana wa mita 1.5. Ukiipa picha nzima yenye upana wa pikseli 1024, unapata takriban pikseli 680 kwa kila mita, karibu 7 kwa sentimita. Herufi yenye kimo cha sentimita 5 itapata pikseli 34 hivi, inasomeka vizuri. Lakini kama kanga inagawana picha hiyo na uso, mikono na nywele, ikabakiwa na upana wa pikseli 512, herufi ile ile inashuka hadi 17 na kuanza kufifia. Kwa hiyo jina lisiposomeka, usikimbilie kulichora upya. Angalia kwanza umeligawia nafasi kiasi gani.

Na kuna swali la usanifu juu ya hilo. Kwenye simu, kamera ikiwa mbali, mhusika mzima anaweza kuwa na kimo cha pikseli 200. Jina lolote hapo litakuwa utepe wa chembe zinazometameta. Nakushauri uwe na kanga mbili: ya kuchezea, ambayo jina ni mstari wa rangi tulivu, na ya picha ya karibu, ya mazungumzo, ambayo jina linasomeka lote. Lichague jina hilo kwa uangalifu, liseme kitu kuhusu huyo nahodha. Mchezaji wa pwani atalisoma kabla hajasoma maelekezo yako.

Ngozi inaonekana majivu

Hili linaniuma kuliko yote, kwa sababu nimeona wanafunzi wenye mkono mzuri wakiacha kuchora watu wanaofanana nao na kurudi kwenye wahusika weupe, wakiamini kwamba ngozi nyeusi haitoki vizuri kwenye kompyuta. Inatoka. Kinachokosewa ni mambo machache yanayojulikana.

La kwanza ni kuchagua rangi ya kahawia kisha kuiongezea nyeusi ili kupata kivuli. Nyeusi inaua rangi, na kinachobaki ni kijivu. Shusha mwanga, lakini wakati huo huo isogeze rangi kuelekea wekundu au zambarau na upandishe ukolevu kidogo. Sehemu zinazong'aa nazo zisiwe nyeupe tupu; ukiwa nje mchana, paji la uso linaakisi anga, kwa hiyo kuna buluu kidogo. Simama uani saa nne asubuhi na utazame kigasha chako mwenyewe kwa dakika mbili, utaona rangi ambazo hukuwahi kuziweka.

La pili ni ukwaruzo wa uso wa ngozi, ile namba inayoitwa Roughness. Ngozi nyeusi hurudisha mwanga mchache kwa njia ya kutawanya, kwa hiyo sehemu kubwa ya umbo la uso tunaisoma kwenye mng'ao. Ukiacha Roughness ikae 0.9 au 1, umeufuta mng'ao, na uso unakuwa shimo bapa. Anza na 0.45. Kisha ichore isitofautiane kwa nguvu lakini itofautiane: paji, ncha ya pua na midomo ving'ae zaidi, mashavu na shingo pungufu. Viganja na nyayo vipe rangi nyepesi zaidi. Ni jambo dogo ambalo likikosekana mwili mzima unaonekana wa plastiki.

La tatu ni taa. Mwanafunzi akiambiwa mhusika haonekani, anaongeza mwanga wa jumla. Kila kitu kinapauka kwa pamoja, mandhari na uso. Weka taa moja ya pembeni upande wa mbele na nyingine nyuma, itakayochora ukingo wa bega na taya. Halafu geuza picha iwe nyeusi na nyeupe. Je, uso unajitenga na ukuta ulio nyuma yake? Kama haujitengi, badilisha rangi ya ukuta. Watu husahau kwamba mandhari ni yao, wanaweza kuyapaka upya.

La nne ni la kiufundi. Tangu toleo la 4.0 Blender inatumia AgX kama namna yake ya kawaida ya kuonyesha rangi, na kabla yake ilikuwa Filmic. Zote mbili hulainisha rangi kali. Injini yako ina hesabu yake nyingine, kwa hiyo rangi uliyoikubali kwenye Blender itabadilika ukihama. Fanya uamuzi wa mwisho wa rangi ndani ya injini, kwenye taa za gemu yenyewe.

Na ikiwa vivuli vimekaa kinyume, mashimo yanaonekana vilima na vilima mashimo, hiyo ni picha ya nomali, ile inayoigiza mashimo na vilima kwa rangi. Ndani ya Blender ipe Non-Color, isisomwe kama picha ya kawaida. Kisha ukumbuke kwamba Blender, Unity na Godot husoma mkondo wa kijani wa picha hiyo kwa mtindo wa OpenGL, ilhali Unreal husoma kwa mtindo wa DirectX, ulio kinyume chake. Kupindua mkondo wa kijani kunatosha kurekebisha.

Nywele nazo ziguswe hapa. Twende kilioni iliyolala kichwani haihitaji kujengwa msuko kwa msuko. Picha nzuri ya nomali juu ya umbo la kichwa inatosha, na simu itakushukuru. Mabutu, vitunguu na afro hubadilisha umbo la kichwa kutoka mbali, hivyo yajenge kwa mabapa.

Anapoinua mkono, mbavu zinafuata

Blender ikigawa uzito yenyewe, hukisia. Mara nyingi hukisia vizuri, ila kwapa, nyonga na vidole ndiko inakokosea. Ingia Weight Paint, mkunje mhusika mkao mgumu, mikono juu na goti kifuani, ndipo uchore. Nyekundu ni uzito kamili wa 1, buluu ni 0. Ukichora mhusika akiwa amesimama tu, unachora gizani.

Ukikataliwa kabisa, kwa ule ujumbe wa kushindwa kupata suluhisho la mifupa, tazama zile nukta zilizolaliana tulizozitaja, au vipande vya umbo vilivyozama ndani ya vingine. Vyote vikiwa safi na bado inakataa, kuza mwili na mifupa mara 10, funga, kisha rudisha ukubwa. Umbo dogo mno huisumbua hesabu yake.

Kiwiko kinachobonyea kama mpira uliotoboka hakina mistari ya kutosha. Kila kiungo kinachokunjika kipe mistari mitatu ya kukizunguka. Na kama mkunjo unapendeza kwenye Blender lakini unakuwa tofauti ndani ya injini, hesabu mifupa inayoivuta nukta moja. Injini nyingi hutumia mifupa 4 kwa nukta kama kawaida. Blender haina kikomo hicho. Tumia Limit Total uweke 4, kisha Normalize All.

Jambo moja linawahusu sana wanaoyaita mambo kwa Kiswahili, na ningependa muendelee hivyo. Blender hutambua kushoto na kulia kwa alama za L na R mwishoni mwa jina. Ukiuita mfupa mkono_kushoto, amri za kuakisi mkao na uzito hazitaufahamu. Uite mkono.L na mwenzake mkono.R. Jina libaki la kwako, mkia uwe wa programu.

Miguu inayochomoza kwenye kanga au kanzu ina tiba ya haraka kuliko kuchora uzito siku mbili: futa mapaja yaliyofichwa. Mchezaji hayaoni. Bakiza mguu kuanzia mahali nguo inapoishia, na nakala ya mwili mzima iweke pembeni kwenye faili jingine.

Miguu inateleza kama yuko kwenye barafu

Hapa kinachogombana ni hatua na kasi. Tuseme mzunguko wako wa kutembea una fremu 24 kwa kasi ya fremu 24 kwa sekunde, na kila hatua ina urefu wa mita 0.6. Hatua mbili kwa sekunde ni mita 1.2. Kama msimbo unamsogeza mita 3 kwa sekunde, lazima ateleze. Kuuharakisha mjongeo mara 2.5 kutaziba pengo, lakini atatembea kama aliyerukwa na akili. Kwa mita 3, mtengenezee mjongeo wa kukimbia.

Kikwazo kidogo kinachojirudia kila mzunguko ni fremu ya kwanza na ya mwisho zilizo sawa, zote zikichezwa. Kata ya mwisho. Na mjongeo uliopotea baada ya kufunga faili haukuwa umeshikwa na kitu chochote. Kwenye Action Editor bonyeza ile alama ya ngao kwa kila mjongeo, ndipo Blender itauhifadhi.

Mhusika ni mzito mkononi

Mchezaji anabonyeza, mhusika anachelewa kuruka. Wachoraji hupenda kuweka mkunjo mrefu wa magoti kabla ya kuruka, kama katika katuni. Katika gemu mkunjo huo ni ucheleweshaji. Mwache aondoke ardhini mara kitufe kinapobonyezwa, kisha mkunjo uuhamishie kwenye kutua. Mpe mchezaji pia sekunde 0.1 ya kuruka baada ya kupita ukingo. Kwa fremu 60 kwa sekunde hizo ni fremu 6, na hakuna atakayeziona ila kila mtu atazihisi.

Kasi ikitofautiana kati ya kompyuta mbili, mwendo haujazidishwa kwa muda wa fremu. Ila kwa Godot angalia: amri ya move_and_slide huzidisha yenyewe, hivyo ukiizidisha velocity (kasi) tena kwa delta (muda wa fremu) mhusika atajikokota kama konokono.

Kama kazi yako ni ya pikseli na picha imepakazwa, kichujio cha picha kiweke Nearest kwenye Godot au Point kwenye Unity.

Kila kitu kinafanya kazi, lakini hakuna anayemkumbuka

Hii nayo ni hitilafu, na ndiyo ngumu kukubali. Mjaze mhusika rangi nyeusi tupu, mpunguze hadi kimo cha pikseli 64, umwoneshe rafiki. Akishindwa kusema ni nani au anafanya nini, mapambo zaidi hayatakusaidia. Rudi kwenye mchoro wa kwanza.

Mfano ninaoutumia darasani ni Mario. Shigeru Miyamoto alipomchora kwa ajili ya Donkey Kong ya mwaka 1981, alikuwa na pikseli chache mno. Kofia ilimwepusha kuchora nywele, masharubu yakaionyesha pua bila kuhitaji mdomo, na suruali ya mikanda ikaitenga mikono na mwili ili mwendo uonekane. Kila sehemu ya yule mtu ilizaliwa na tatizo, na hadi leo tunamjua kwa hizo hizo. Yule nahodha wetu alikuwa na mkufu, hereni, upanga, dira, kamba na mkoba. Tulivua vyote, tukabakiza bangili, fundo kubwa la kanga na kilemba kinachopepea upande. Kilemba kikawa kinaonyesha upepo unavuma wapi, na katika gemu ya jahazi hiyo ni taarifa ambayo mchezaji anaihitaji kila sekunde.

Kwenye kompyuta inakwenda, kwenye simu inakufa

Angalia majina ya mafaili. Windows haijali herufi kubwa na ndogo, Android inajali. Msimbo ukiita Nahodha.png wakati faili linaitwa nahodha.png, kwako litafunguka, kwenye simu halitapatikana. Andika majina yote kwa herufi ndogo tangu siku ya kwanza, bila nafasi.

Kisha kumbukumbu. Picha ya pikseli 2048 kwa 2048 isiyobanwa hula MB 16. Ya 4096 hula MB 64. Mhusika mwenye picha nne za 4096, yaani rangi, nomali, ukwaruzo na vivuli, amekula MB 256 kabla ya bahari na jahazi lenyewe. Ukubwa wa PNG kwenye diski usikudanganye, kwa sababu ikifika kwenye kumbukumbu hufunguliwa. Shuka hadi 1024, ambayo ni MB 4 kila moja, na umtazame kwenye simu yenyewe, kwa umbali wa mkono. Mara nyingi huoni tofauti.

Usiku wa mwisho

Tatizo linalowaangusha wengi halihusu usanii: faili linafunguka kwa mwanafunzi, kwa mwalimu mhusika ni wa rangi ya waridi kutoka kichwani hadi miguuni. Picha hazikusafiri. Zilikuwa kwenye folda ya Downloads, na Blender ilikumbuka njia tu. Nenda File, External Data, Pack Resources, hifadhi, kisha lifungue faili kwenye kompyuta ya mwenzako. Usilifungue kwako, kwako daima litafunguka.

Umeme ukikatika, usikate tamaa haraka. Blender hujihifadhi kila dakika 2 kwenye folda ya muda, na faili lenye mwisho wa .blend1 ndilo hali yako ya hifadhi iliyotangulia. Futa hiyo namba 1 mwishoni mwa jina lake, litafunguka. Ukitumia GitHub, ghala la miradi la mtandaoni, faili moja lisizidi MB 100, la sivyo litakataliwa, na utaligundua hilo saa sita usiku bando likiwa ukingoni.

Ukibakiwa na usiku mmoja na hitilafu tano, zipange hivi: kwanza faili lifunguke kwingine, pili gemu isizime, tatu mhusika aende anakoamriwa. Ngozi, kanga na vidole vinafuata baada ya hapo, kwa kadiri ya muda. Hitilafu usiyoiweza, iandike kwenye ripoti: ulichokiona, ulichokishuku, ulichokijaribu. Yule binti aliandika ukurasa mzima kuhusu bangili. Mwisho, rekodi video ya sekunde 30 ya mhusika akitembea, akiruka na akigeuka, uiweke ndani ya folda pamoja na mradi, ili hata gemu ikigoma kwa mwalimu, kazi yako ionekane.